Gunia Lisilonuka Moshi

"Hayanuki," alisema Joy Kahindi.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya gunia la mahindi katika stoo ya vidhibiti, pua karibu iingie ndani. Koplo Awino, mwenye funguo za stoo hiyo ya polisi, alikuwa amesimama mlangoni akila njugu.

"Kwani mahindi hunuka?"

"Haya yangenuka moshi. Niletee beseni."

"Madam, wewe si polisi tena. Hapa hutumi mtu."

"Basi naomba beseni, Koplo. Tafadhali sana."

Awino alicheka, akalileta. Zamani walifanya kazi meza moja, kabla Joy hajajiuzulu na kuanza upelelezi wake mwenyewe, ambao mpaka sasa ulimpa chumba kimoja cha kupanga Mji wa Kale na basi. Leo alikuwa ametumwa na Wakili Jihan Muhdhar, mtetezi wa mshtakiwa, na ruhusa ya mahakama ilikuwa mkobani.

Mshtakiwa mwenyewe alikuwa Mbodze wa Fondo, ajuza wa Ganze, aliyewekwa rumande kwa kosa la kuuza mbegu zisizosajiliwa. Naam, mbegu. Si bangi, si bunduki. Mahindi ya kienyeji yaitwayo mzihana, ambayo nyanyake aliyapanda na mamake akayapanda. Sheria ilisema mbegu isiyosajiliwa na kukaguliwa haiuzwi wala haigawiwi, na wakulima walioipinga katika mahakama kuu walikuwa bado wanangoja hukumu. Mbodze alikamatwa mtaa wa Bondeni, mjini Mombasa, alipokwenda kuchukua gunia aliloliacha kwenye duka la pembejeo la mtu aitwaye Aidarus. Jumatatu angesimama mbele ya hakimu. Akipatikana na hatia ni jela, au faini asiyoiweza hata akiuza shamba, na gunia litiwe moto. Hilo la moto ndilo lililomkosesha Mbodze usingizi. Ukame ulikuwa umemaliza mbegu kijijini kwao, na mzihana wake wote uliosalia ulikuwa ndani ya gunia hilo.

Joy alimimina mahindi kiasi kwenye beseni, akayatandaza kwa kiganja. Kwao Ganze, suke la mbegu halikai pamoja na mahindi ya kula. Hutundikwa juu ya meko, moshi wa kila siku ulifukize mpaka liwe jeusi, na fukusi hawaligusi. Siku ya kupukuchua, punje za nchani na za kitako hutengwa zikaliwa. Za katikati peke yake ndizo mbegu. Kazi hiyo alikuwa akiifanya na mamake, magoti yamegusana, na hakuna aliyemfundisha kwa maneno.

Humu beseni mlikuwa na kila kitu: punje ndogo za nchani, punje za mviringo za kitako, na fukusi wawili watatu wanaotembea zao bila wasiwasi.

"Haya ni mahindi ya sima," alisema. "Tena ya sokoni."

Awino aliacha kutafuna. "Unamaanisha mimi nimebadilisha?"

"Lilikuja limefungwa na nini?"

"Hivyo hivyo unavyoliona. Uzi wa mashine."

"Mbodze anasema alilifunga kwa ukili."

"Basi waulize maafisa waliolileta. Siku ya msako gari lao lilijaa mbolea ghushi walizokamata kwingine, gunia likalala huko huko dukani. Walilifuata asubuhi yake."

"Bila lakiri?"

"Bila hata kamba. Mimi hupokea kinacholetwa, Madam. Hilo uliweke wazi kwa wakili wako."

Jihan Muhdhar alikuwa na ofisi yake Ndia Kuu, juu ya duka la vinyago, na alipoisikia habari alipiga meza mpaka kikombe kikaruka.

"Mahindi ya sima! Mahindi ya sima si mbegu, Joy. Hakimu atamwachilia kabla ya chai."

"Na mbegu zake?"

"Zipi?"

"Zile za kweli. Ziko mahali."

Jihan alivua miwani. "Ziache huko huko. Sasa hivi hawana ushahidi. Ukilipata lile gunia, utakuwa umewatafutia. Wafahamu nisemalo? Gunia likionekana, mama hatoki."

"Nilipomtembelea hakuniuliza atatoka lini. Aliniuliza mbegu yake iko wapi."

"Mimi ni wakili wake, si ghala lake. Kazi niliyokupa umeimaliza, na umeimaliza vizuri, wallahi. Nenda nyumbani ukapumzike."

Nyumbani! Kuna nini nyumbani? Kitanda, jiko la gesi, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Joy alinunua viazi karai, akavila amesimama karibu na Ngome ya Yesu, na mtu wa kwanza kumsemesha siku hiyo bila kutaka kesi wala ushahidi alikuwa mtembeza watalii, naye alidhani ni mgeni. "Karibu Mombasa, dada, nikuonyeshe mji?" Joy alimwambia ahsante, anaujua. Akaondoka. Tangu mamake afariki hakuna aliyekuwa akimwita kwa Kigiriama isipokuwa yule ajuza wa rumande, aliyemwita mjukuu bila kuulizwa, kupitia wavu wa chuma. Mtu kama huyo akikuomba kitu kimoja, unakitafuta. Joy alijua kabisa kwamba anakosea, akashika njia ya Bondeni.

Duka la Aidarus lilikuwa la pembeni, karibu na msikiti: mbolea, majembe, dawa za kunyunyizia, na pakiti za mbegu zenye picha za mahindi manono ambayo hakuna shamba la Ganze lililowahi kuyaona. Ukutani palining'inia bango jipya la kampuni ya mbegu. Mwenyewe, mtu wa makamo aliyevaa kofia iliyotariziwa kwa mkono, alikuwa anapima sumu ya panya.

"Asalaam aleikum, Bwana Aidarus."

"Waaleikum salaam. Karibu, bibiye. Wataka nini?"

"Kuiona stoo yako."

Mkono wa kupimia ulisimama hewani. "Watoka kwa nani?"

"Kwa wakili wa Mbodze."

"Mimi nshasema yangu kituoni."

"Ulisema alikuletea gunia umuuzie. Sasa nataka kupaona liliposimama."

Mlikuwa na wateja wawili dukani, na masikio yao yalikuwa wima. Aidarus alimfungulia upesi.

Stoo ilipakwa chokaa nyeupe, na chokaa haifichi kitu. Ukutani, usawa wa kiuno, palikuwa na doa la masizi, pana kama mgongo wa gunia. Joy aligusa, akanusa kidole. Hapo alisimama kidogo, kwa sababu harufu ile ilimrudisha jikoni kwao na hakuwa tayari. Kisha akaendelea. Kwenye mwimo wa mlango wa nyuma palikuwa na doa jingine. Kwenye kizingiti, la tatu.

"Polisi walilibeba gunia kupitia wapi?"

"Mbele. Gari lilikuwa mbele."

"Basi hili lililopita nyuma ni gunia gani?"

Aidarus aligeuka kuutazama mlango wa dukani, waliko wateja.

"Hawa wa bango wamekupa nini?" Joy alimkaribia. "Mbegu ya kienyeji, inayovumilia jua. Wao waisajili kwa jina lao, kisha Mbodze anunue kwa pakiti mbegu ya nyanyake mwenyewe. Ulipata nini? Uwakala?"

"Hapo basi!" Uso wa Aidarus uliiva. Alifunga mlango wa stoo kwa mguu. "Nitukane matusi yote, hilo usinambie. Mama yule namjua, huniuzia korosho kila msimu. Alikuja jioni, anakwenda Likoni kwa jamaa zake, amechoka, gunia zito. Akanambia, mwanangu, niwekee, kesho nalifuata. Nikamwambia weka. Hiyo ni amana. Wajua amana ni nini?"

"Nieleze."

"Mtu akikuwekea kitu, wamrudishia kile kile. Si mfano wake, si thamani yake. Kile. Magharibi haijaingia, polisi hao mlangoni. Nani aliwaambia, sijui hadi leo. Wakanambia hili ni duka la pembejeo, mbegu ikiwa ndani ni biashara. Sema kaileta uiuze, ama twafunga duka na wewe twakuchukua. N'na watoto, bibiye. Nikatia sahihi." Alivua kofia. "Kisha usingizi ukakataa. Alfajiri nikalitoa gunia lake kwa nyuma, nikaweka la mahindi yangu ya nyumbani. Mama yule nimemuuza, naam, na Mungu ameniona. Amana yake sikuiuza."

Joy alitaka kumchukia, na haki ya kumchukia alikuwa nayo. Ila mtu alikuwa analia waziwazi, kofia mkononi, katikati ya magunia ya mbolea.

"Liko wapi?"

"Kwa mama mdogo, Mji wa Kale. Sijaenda kulitazama. Naona haya."

Nyumba ya mama mdogo huyo, Bi Hafswa, ilikuwa kichochoro cha pili kutoka Ndia Kuu, mkono wa kushoto. Ngazi zake zilikuwa wima hivi kwamba Joy alipanda akishika ukuta. Bi Hafswa, mjane mwembamba aliyejifunga leso mbili, aliwapokea kwa furaha ya mtu asiyegongewa mlango mara nyingi.

"Wambaje, mwanangu! Na huyu mgeni? Ndoo, ndoo ukae. Aidarus, wewe nawe, kumbe wanikumbuka!"

"Shikamoo, Bi Hafswa," alisema Joy.

"Marahaba. Nikutilie kahawa?"

"Mama," Aidarus alimkatiza, "lile gunia nililokuletea."

"La amana? Nimelitunza, usiwe na shaka. Lakini lo! Lilikuwa chafu hilo! Masizi matupu. Hata nikasema, watu hawa watatuonaje, amana kurudi kama imetoka mekoni? Nimeyaosha."

Joy alimgeukia. "Umeyaosha, Bi?"

"Maji matatu. Nikayaroweka kwenye birika la maji bafuni usiku kucha yatoke ule moshi, nikayachuja, nikayafunika. Siku ya kuyafunua, ati yashatoa mizizi! Nikayaanika darini mbiombio, jua likayapiga yakakauka." Alivuta pazia. "Haya, tazama. Meupe pe!"

Gunia lilikuwa pembeni, limefungwa tena kwa ukili ule ule wa Mbodze, kwa ustadi. Joy alilifungua, akachota. Punje zilikuwa safi, na kila moja ilikuwa na kijimzizi kilichokauka kwenye kitovu chake. Alitafuna moja. Ilivunjika kama ganda la yai. Hamkuwa na uhai humo.

Aidarus alikuwa anamtazama usoni. "Hayafai?"

"Kwa sima labda."

"Kile kile," alisema Aidarus, akakaa chini pale pale ngazini. "Nlikuwa nimrudishie kile kile."

Ilibidi Joy amweleze Bi Hafswa, na hakuna kazi aliyoichukia zaidi tangu aanze upelelezi. Alimweleza habari ya moshi, na meko, na punje za katikati, na mwanamke aliyeko rumande. Bi Hafswa alisikiza huku akiikunja na kuikunjua ncha ya leso.

"Ya Rabi," alisema. "Mimi nlitaka yarudi safi."

Kisha aliinuka, akamshika Joy mkono, akampandisha darini.

Kandokando ya ukuta wa dari, kati ya tangi la maji na kamba za nguo, palikuwa na makopo. Makopo ya samli, ya rangi, ya maziwa ya unga. Katika kila moja mlikuwa na mhindi mmoja, umesimama, majani mabichi, urefu wa mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole.

"Yalokuwa na mizizi mirefu nliona dhambi kuyauwa," alisema Bi Hafswa. "Wanangu wako Maskati, simu ni Ijumaa kwa Ijumaa, na si kila Ijumaa. Hawa ndio nizungumzao nao. Nikiamka nawaamkia. Hawanijibu, lakini wanakua."

Joy aliligusa jani moja.

Aidarus aliwafuata juu. Aliyatazama makopo, akafuta uso.

"Jumatatu wataniapisha," alisema. "Msahafu mkononi. Wataniuliza kama gunia lililoko mahakamani ndilo aliloniwekea. Siwezi kusema ndilo."

"Ulitia sahihi uongo, hilo uliliweza."

"Sahihi ni ya serikali. Kiapo ni cha Mungu."

"Mbodze analala sakafuni kwa hiyo sahihi ya serikali, Bwana Aidarus!"

"Najua. Ndiyo sababu ntasema yote. Kwamba hakuuza, aliweka."

Joy alifikiri haraka. Aidarus akisema hivyo, shtaka la kuuza linakufa. Lakini hakimu atauliza gunia la kweli liko wapi, na jawabu likishatoka, maafisa watazipanda ngazi hizi.

"Watayachukua makopo," alisema.

Bi Hafswa alisogea, akasimama mbele ya mimea yake. "Wayachukue waende nayo wapi?"

Rumande ya wanawake ilikuwa ng'ambo ya daraja. Kesho yake asubuhi Joy alikaa upande wake wa wavu, Mbodze akaletwa upande wa pili, amekonda kuliko juzi. Joy alimwamkia kwa Kigiriama, akimwita hawe, yaani nyanya.

"Kiswahili!" alisema askari jela, mwanamke kijana aliyekaa mlangoni na simu yake. "Hapa mnaongea Kiswahili, nisikie."

Basi hata hicho kidogo wakanyang'anywa. Joy alianza upya, kwa Kiswahili, polepole. Alipofika kwenye birika na jua la darini, Mbodze aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika. Joy alitia vidole kwenye matundu ya wavu, na huo ndio uliokuwa mwisho wa kufika kwake.

"Zote?" aliuliza Mbodze.

"Zimebaki chache. Zimeota kwenye makopo. Yuazimwagilia Bi Hafswa mwenyewe."

Kichwa kiliinuka. "Zimeota?"

"Zimeota, hawe. Sasa nisikize, maana Jumatatu ni kesho kutwa. Nilimwendea wakili jana usiku, naye amekubali tuende na kweli. Aidarus ataapa kwamba hukuuza, uliweka. Ukisikia hivyo, wewe nyamaza. Wakikuuliza mimea ya darini ni ya nani, sema hujui. Usiseme umempa mtu. Kugawa ni kosa sawasawa na kuuza. Neno moja tu, hawe: sijui. Utaenda nyumbani jioni hiyo."

"Makopo ameyapanga vipi?"

"Hawe, umenisikia?"

"Nimekusikia. Ameyapanga vipi?"

"Moja moja, ukutani. Yameachana."

"Ayasogeze pamoja, yagusane. Mhindi ulio mbali na wenzake hutoa gunzi tupu, hauna punje. Na kopo ni dogo, mizizi itabanana. Atafute mapipa."

"Nitamwambia."

"Je, nilimpa?"

"Ulimpa nini?"

"Hizo mbegu. Mdomo wangu ulisema nimempa?"

"Hapana, hawe. Hata hamjuani."

"Basi kwake ni kitu cha wizi. Kwetu mbegu hushikwa na aliyetamkiwa na mwenyewe, wewe Mgiriama hilo unalijua. Hao watu wakifika kwake, atasema ni zake kwa lipi? Atanyamaza, watazing'oa, na mzihana wangu utakuwa umekwisha." Mbodze alisimama, akaushika wavu kwa mikono miwili. "Mwambie nimempa."

Joy alimtazama askari. Simu ilikuwa imeshuka mapajani.

"Polepole, hawe. Hilo ndilo kosa lenyewe. Nimekueleza sasa hivi."

"Umenieleza, na mimi si kiziwi." Kisha akapaza sauti, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. "Mimi Mbodze wa Fondo nimempa Hafswa mbegu ya mzihana. Ni yake. Akivuna atanirudishia kipimo changu, na yeye ampe mwingine."

Askari jela aliinuka, akaja mpaka kwenye wavu.

"Mama, umesema umempa nani mbegu?"

"Hafswa. Wa Mji wa Kale."

"Unajua uko hapa kwa sababu gani?"

"Kwa sababu hiyo."

Askari alimgeukia Joy. "Na wewe unaitwa nani?"

Lilikuwa swali jepesi, na jawabu lake la kipelelezi Joy alilijua: mimi ni mjumbe wa wakili, sikusikia kitu. Mbodze alikuwa bado ameshika wavu, anamtazama.

"Joy Kahindi," alisema, naye kwa sauti. "Wa Ganze. Mimi ndiye ninayempelekea neno hilo."